Leo Sibebi Robota

Mume wangu,

Maharage yako jikoni, yapashe moto tu. Usiniunguzie sufuria kama Jumapili. Binti asiende shule bila sweta, bado anakohoa.

Asubuhi uliponigongea mlango wa choo nilikujibu vibaya. Nilikuwa naangalia kama kuna damu. Haikuwepo. Nina mimba tena, ya miezi miwili, na naogopa hata kupiga chafya.

Ile iliyopita niliificha kiwandani nisifukuzwe, nikabeba marobota ya vitambaa mpaka ikatoka. Msimamizi akaniambia, "Pole mama, lakini mashine hazisubiri." Tarehe naikumbuka, hata shati alilovaa. Nawe ukasema tusiyaongee tena. Nikanyamaza mwaka mzima, nikilia bafuni bomba likiwa wazi.

Leo namwambia msimamizi mbele ya wanawake wote kwamba sibebi robota. Akitaka kunifukuza, anifukuze mtoto akiwa tumboni.

~~Usije kiwandani, utanitia aibu.~~ Njoo saa sita, usimame getini nikuone.

Mimi,
mama wa watatu, maana yule aliyetoka namhesabu