Ule mkebe wa chumvi wa mum

Chebet, nimetaka kutupa ule mkebe wa chumvi wa mum, ule wa kutu. Amenishika mkono akaanza kulia. Mum, kulia.

Kumbe mwaka wa 84 akiwa nesi kwa kliniki moja hapa Eldoret alikuwa na mgonjwa wa depression, Mama Warigia wa Moi's Bridge. Sheria ilikuwa unampa dawa yake, amitriptyline, ya wiki moja tu, kwa sababu mtu akimeza nyingi mara moja moyo unaweza kusimama.

Lakini watu walikuwa wanavuna mahindi, na Moi's Bridge ni mbali. Mum akamhurumia, akampa ya miezi miwili. Miezi miwili, Chebet.

Wiki ya tatu akakutana na jirani ya huyo mama sokoni. "Mama Warigia amepona kabisa. Jana alitugawia nguo zake zote."

Mum aliacha sukuma wiki yake hapo hapo. Akaomba lifti kwa lori iliyokuwa inaenda kubeba mahindi.

Akamkuta shambani anavuna, ametulia tu. Akamuuliza dawa iko wapi. Mama Warigia akaingia nyumba, akatoka na mkebe. Huo mkebe. Vidonge vyote vilikuwa ndani, hakuwa amemeza hata kimoja.

"Nilikuwa nangoja mahindi iishe," akamwambia. "Singeachia watoto hiyo kazi."

Mum anasema aligeuka akaangalia shamba.

Ilikuwa imebaki laini nne za mahindi.