Programu ya Mwalimu Eridadi

Jumatatu, 7 Julai 2025
Kasese. Redioni ninakofanya kazi wameniletea kompyuta mpya, na programu yangu ya kupanga rekodi imeharibika. Zamani iliweka rekodi za wiki moja kwenye folda moja. Sasa kila siku ina folda yake. Mabano ambayo kompyuta mpya inayadai kwenye amri ya print nimeyaongeza mwenyewe, kosa lililobaki silioni.
Niliiandika Bwera, kwa Python, lugha ya kompyuta, nikifundishwa na Mwalimu Eridadi. Ile kafe ya intaneti karibu na soko — benchi moja, sisi wanne. Umeme ukikatika tunaandika mistari kwa chaki sakafuni, naye anaikagua kwa tochi ya simu. Hata harufu ya samaki wa chumvi wa jirani nimeikumbuka.

Alhamisi, 10 Julai
Nimempigia. Amepokea mkewe, Mariat. Mwalimu haoni tena — presha ya macho. Kompyuta yake ameifunika kitenge.
Sikuwa na habari.

Jumamosi, 12 Julai
Bwera. Nimekuja na kompyuta ya redio. Mwalimu amekonda, sauti ni ileile. "Ketura, soma. Usiruke kitu."
Nikasoma mstari kwa mstari, yeye anatikisa kichwa kama yuko kwenye mazoezi ya kwaya. Nilipofika pa kugawanya siku kwa saba, akainua kidole.
"Hapo mkwaju ya kugawanya iko moja ao mbili?"
"Mmoja, Mwalimu."
"Python ya sasa inabakiza desimali, kila siku inapata namba yake. Weka mbili."
Nikaweka. Folda zikajipanga. Tulicheka mpaka Mariat akatoka jikoni kuuliza kuna nini.
Kusikia anaweza, Mwalimu akasema, kuandika hapana. Python inataka nafasi mwanzoni mwa mstari, na nafasi haina sauti.

Jumapili, 13 Julai
Sikurudi Kasese. Kitenge tumekiondoa. Nimemwekea programu inayosoma skrini kwa sauti, na kwenye mipangilio nimekuta pa kuiambia itaje nafasi pia.
"Nafasi nne," mashine ikasema.
Mwalimu aligeuka. Akaomba irudie. Ikarudia. Mariat ameacha muhogo wake, amesimama mlangoni na kisu mkononi.
Anaandika sasa. Mimi niko nyuma yake na daftari hili. Vidole vinapapasa, vinarudi nyuma, vinaenda. Kwenye mstari wa tatu ameweka nafasi tatu badala ya nne. Nimevuta pumzi ili nimwambie.
"Usiniambie," amesema, bila kugeuka.
Amerudi juu kabisa, alitafute kosa mwenyewe kwa masikio. Mashine inasoma mstari wa kwanza. Ameinamisha kichwa. Mstari wa pili —