Somo la Saba Halikufunguka

Bweni, Mafia
Jumapili, baada ya Adhuhuri

Kwako Dada Shamsa,

Kabla hata sijakuamkia, nakuomba kwa haki ya mama yetu, barua hii uisome peke yako, na neno lake hata moja lisitoke. Shemeji Ussi asilisikie, wala jirani. Zaidi ya wote, asilisikie aliyekuletea. Bahasha hii anakukabidhi Bi Kijakazi kwa mkono wake, naye hajui amebeba nini.

Sasa shikamoo, dada yangu. U hali gani, na shemeji, na watoto? Kikohozi cha Mansuri kimepoa? Huku tu wazima, alhamdulillahi. Mama anakusalimu sana. Magoti yanamsumbua akiinuka kwenye sijda, lakini shamba hajaacha kwenda. Mimi pia ni mzima, ila uzima wangu siku hizi naona haya kuutaja.

Unajua kwamba tangu mwaka jana nina mkataba wa ukarani katika mradi wa masomo ya afya. Kazi yenyewe pengine sikukueleza. Kila Alhamisi hupanda pikipiki hadi Kilindoni, kwenye mtandao wa uhakika, nikapakua somo la video katika kishikwambi. Jumamosi alasiri wanawake ishirini na sita hukaa mkekani pale chuoni tulikosomea Kurani, nami nikawaonyesha: moyo unavyosukuma damu, figo zinavyochuja, presha inavyoweza kupanda mtu asijue. Aliyepaswa kusimamia ni muuguzi wetu, Bi Zenab, lakini zahanati nzima iko mikononi mwake, kwa hiyo aliniachia mimi.

Niliipenda kazi ile, nisikufiche. Warda muuza vitumbua alipoonyeshwa picha ya moyo alisema kumbe ni pweza aliyekatwa mikono, na yeye miaka yote huapa kwa kitu kile. Lakini Warda huyo huyo, baada ya somo la presha, alimkokota mumewe hadi zahanati akapimwe, na kweli ilikuwa juu. Watu walikuwa wanajifunza, dada. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Palikuwa pia na kisanduku cha maswali. Mtu huandika swali lake bila jina, akalitumbukiza. Mimi hulichapa na kulituma mtandaoni kwa daktari wa mradi, na jibu likija nalisoma mbele ya wote.

Mwezi mmoja kabla ya Ramadhani tukafika somo la saba. Lilikuwa la maradhi ya kifuani kwa wanawake, namna ya kujikagua na dalili za kuangalia. Utaona hata hapa nimesema kifuani. Nililitazama Kilindoni nimejibanza nyuma ya duka la Kurbanali, mwangaza nimeupunguza. Alionekana mwanamke mtu mzima, mbele ya kioo, amevua. Papo hapo nikamwona Bi Kijakazi kwenye mkeka wa mbele, pale anapokaa kila Jumamosi. Huna haja ya kuelezwa Bi Kijakazi ni nani kwetu. Ndiye aliyetushika mkono, wewe kwanza na mimi baadaye, tukaandika alifu yetu ya kwanza. Na tangu posa yangu kwa binti yake Kidawa ipokelewe, ni mama mkwe wangu. Nikajiuliza nitasimamaje na picha ile mbele ya mkwe.

Nikalifuta somo. Jumamosi nikawaambia kwamba mtandao ulisumbua, somo la saba halikufunguka, tuendelee na la nane. Warda akasema mtandao wa Bweni una haya kuliko wasichana wa siku hizi. Darasa zima likacheka, nami nikacheka nao. Na kwa kuwa mfumo hauruhusu kuruka somo, niliweka alama kwamba wote ishirini na sita wameliona. Ripoti ile ipo hadi leo, na ina jina langu.

Njia nyingine ilikuwepo. Ningemwomba Bi Zenab asimamie siku ile moja, mimi nikae nje. Sikumwomba, kwa sababu ingenibidi nitaje kwa nini, na mkataba wangu ulikuwa karibu kuongezwa muda. Niliogopa asije akaona kazi imenishinda.

Wiki mbili zilizopita Kidawa alipita ofisini kuniuliza habari ya vitambaa vya harusi. Katika maongezi akasema kwamba mama yake hawezi tena kuinua mkono wa kushoto kuanika nguo. Nikauliza kama ameanguka. Akasema hapana, ana uvimbe, lakini mwenyewe anashikilia kuwa si kitu. Aliwauliza madaktari kwa kisanduku tangu kabla ya Ramadhani, wakanyamaza, na daktari hanyamazii hatari. Uvimbe ungekuwa na dhara, anasema, wangemjibu siku ile ile.

Kidawa akaniuliza kama nimefunga, maana uso ulikuwa umenipauka.

Siku hiyo hiyo nilikwenda Kilindoni nikalituma swali. Jibu lilikuja baada ya dakika arobaini. Daktari aliandika kwamba uvimbe kutouma si dalili ya usalama, kwa kuwa mara nyingi maradhi hayo huanza bila maumivu. Si kila uvimbe ni mbaya, akasema, lakini haijulikani ila kwa vipimo, na mwenye nao asikae akisubiri. Dakika arobaini tu, dada, na swali lilikuwa limengoja miezi minne.

Nikalinakili jibu kwa herufi za Kiarabu, kwa sababu Bi Kijakazi husoma hizo tu, nikampelekea nyumbani. Nilimwambia kwamba Kidawa ndiye aliyenidokeza. Akavaa miwani, akasoma mara mbili, kisha akaniambia bado nasahau nukta kama nilipokuwa na miaka saba. Mimi nikaendelea kutazama mkeka. Alipoiona hali yangu akasema, “Usijilaumu, mwanangu. Mtandao wetu ndivyo ulivyo. Jibu limechelewa, lakini wewe umelifuata mpaka likapatikana.” Akaniwekea kiganja kichwani, akaniombea dua ndefu. Nikaitikia amina.

Kesho yake Bi Zenab alimpima. Uvimbe umekuwa mkubwa kama ndimu, na kuna mwingine chini ya kwapa. Kilindoni nako wamempima, wakampa rufaa ya Dar. Kesho alfajiri anapanda boti ya kwenda Nyamisati, bara, pamoja na nduguye Shaabani, atakayemfikisha kwako Mbagala na kurudi. Kidawa anabaki kumtazama baba yake.

Sasa nifike pale nilipokuwa nakwepa. Nimekuandikia kana kwamba swali lile lilinipita. Halikunipita. Niliporudi kutoka Kilindoni na somo la saba, nilikuwa bado sijalifuta. Nilikuwa nafikiri fikiri tu. Ijumaa nikafungua kisanduku, nikakuta karatasi imeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Katika wanawake wale ni mmoja tu mwenye hati ile, na mimi siwezi kuisahau, maana ndiyo niliyofundishwa kuiiga. Iliandikwa hivi: “Nina uvimbe katika titi la kushoto, mdogo kama punje ya kunde. Hauumi. Je, kisichouma kina dhara?”

Nilihisi kama nimesukuma mlango nikamkuta mwalimu wangu hana nguo. Nikaikunja karatasi, nikaitia ndani ya daftari la mahudhurio, na humo ikakaa. Ndipo nikalifuta somo. Nililifuta nikijua kwamba yupo anayelingoja, na nikimjua ni nani. Yeye, mwanamke wa miaka sitini na mbili, aliweza kuliandika neno lile. Mimi mwenye diploma sikuweza kulichapa.

Na barua hii nimeiandika kwa herufi za Kizungu makusudi, ili hata bahasha ikifunguka njiani asiweze kuisoma. Tazama nilipofika: namtwisha mgonjwa kosa langu, tena nimelifunga kwa herufi ambazo hakuna aliyemfundisha.

Jumamosi iliyopita somo la saba lilionyeshwa hatimaye. Bi Zenab alisimamia, mimi nilikaa barazani. Wanawake watatu walibaki nyuma kuzungumza naye. Ya ripoti bado sijamwambia. Nitamwambia kabla ya wiki hii kwisha, na mkataba uwe utakavyokuwa.

Kwako, dada, naomba haya. Mfuate Bi Kijakazi hospitali kila anapoitwa, usimwache akae peke yake mbele ya daktari. Kosa langu usimweleze wewe. Hilo ni langu, na nitamwambia kwa kinywa changu. Nikimwambia, huenda nikamkosa Kidawa. Nisipomwambia, nitaishi nikipokea dua zake, na sioni mtu anaweza kuzibeba.

Wasalimie shemeji na watoto wote. Mama ametia nazi sita na pweza mkavu katika kikapu cha mgeni wako, anasema pweza umloweke kwanza usiku kucha. Mwenyezi Mungu awahifadhi.

Namna ya kunipata ni hii. Usinitumie ujumbe, maana simu yangu Kidawa huishika. Nyumbani simu haina mtandao. Hushika nikisimama chini ya mnara wa taa. Nitakuwa pale kila siku tangu saa kumi na moja jioni mpaka adhana ya Magharibi. Vipimo vikitoa majibu, piga. Usiniambie “lile jambo” wala “kule kifuani.” Sema titi, sema uvimbe, sema walichokiona, nami nitasikiliza mpaka mwisho. Na Bi Kijakazi akiwa karibu, akakuuliza unazungumza na nani, usimfiche. Mpe simu.

Nduguyo mdogo,
Taufiki