Kartushi ya Madame

Papa Bahati wangu,

Sasa hivi mutoto wako amesukuma ganda la kartushi ndogo, risasi ya bunduki, ndani ya ganda kubwa, likazama lote. Akatikisa, akasikiliza, akacheka. Nikamunyang'anya yote mbili. Akalia, nami nikalia naye.

Unakumbuka ulivyonifundisha namba za bunduki za Bwana mwenye shamba, mie nikimenya mihogo? Ulisema, "Kalibre kumi na mbili njo mukubwa, ya nguruwe wa pori, nyama ya wafanyakazi. Kumi na sita iko ya kanga. Ishirini iko mudogo, ya Madame muke wake, anapiga kware kwa kujifurahisha." Nikakuuliza, "Namba ikipanda, mudomo wa bunduki unapungua? Nani alihesabu hivyo?" Ukacheka: "Uliza Wazungu, Mama Bahati. Mie naongeaka na nguruwe tu."

Lakini asubuhi ile ya ukungu, Bwana alikutolea kartushi kwa mufuko wake mwenyewe, zake na za Madame zimechanganyika, zote nyekundu. Mikono yako ilikuwa imekufa baridi, na nguruwe alikuwa anatoka kwa shamba. Ulinieleza kwa kitanda, pumzi ikikukatika: "Ya kwanza haikulia. Nikafungua, naona tupu. Nikatia ingine." Ile ndogo ya Madame haikuanguka chini, mume wangu. Iliteleza mbele ikakwama ndani ya mututu, na ya kumi na mbili ikaikuta pale. Chuma kikapasuka usoni pako.

Tangu tukuzike, Bwana anasema ulikuwa umelewa kasiksi, pombe ya ndizi. Wewe, uliyekunywa maziwa kwa harusi yetu mpaka shemeji zangu wakakuita ndama! Miaka yote alikula nyama uliyoipiga, sasa anakula na jina lako. Jana alimutuma kapita, musimamizi wake, aniambie: "Mama, kesho mukubwa wa serikali anapita. Useme tu alikunywa, nyumba ibaki yako. Marehemu hasikii haya."

Nikamujibu, "Mutoto wake anasikia."

Nimefunga vyungu na mbegu za maharagi. Mama yangu kule Buleusa ametukatia kipande cha shamba. Bahati atakula, atasoma, hawatamucheka njiani kama mutoto wa mulevi. Naogopa, lakini si kama jana.

Kapita iko kwa mulango, anaita: "Mama Bahati, wakubwa wanangoja." Naenda, Papa Bahati. Naenda kusema mbele yao wote kama siku ile hukuonja hata tone.