Rangi Iliyokataa Kutoka

Baba Dogo,
Nairobi.
26 Aprili, 1994.

Mpendwa shemeji Masinde,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Mguu wako unaendeleaje? Na yule ng'ombe wako mkorofi, amezaa salama? Sisi tu wazima, Mungu ametulinda, ila nakuandikia nikiwa na shingo ya kijani. Sababu yake utaisikia.

Katika barua yako ya Pasaka ulituuliza habari za uwanja. Hatukujibu kwa kukosa moyo. Meneja mpya wa kiwanda chetu cha sufuria alikuwa amesema atajenga stoo pale pale mlipofyeka wewe na Mulama. Eti Mfuniko F.C. haina mashabiki, yeye hajaona hata mtu mmoja amevaa rangi yake. Mdogo wako, kocha mzima, akakataa ugali. Unajua Mulama akikataa ugali kuna msiba.

Mimi nilikasirika. Nikawaambia kina mama wa laini yetu ya nyumba kwamba tutaivaa hiyo rangi mpaka aione. Tukamwalika meneja aje Jumapili tukicheza na vijana wa mtaa wa Fedha, naye akakubali.

Nikaenda Eastleigh kwa Jawahir, yule muuza vitambaa, nikachukua kijani chake chote. Aliniambia nikiloweke kwenye maji ya chumvi kabla ya kushona, rangi ishike. Shemeji, unanijua. Siku zilikuwa zimeisha, na mimi na jirani yangu Roseline tulikuwa na cherehani mbili tu. Blauzi, fulana na vitambaa vya kichwa, vyote tukavishona bila hata punje ya chumvi.

Jumapili tulitoka kanisani tukaingia uwanjani moja kwa moja, kijani kitupu, wazee kwa watoto, tukigonganisha mifuniko ya sufuria. Laiti ungekuwepo! Wale wa Fedha walituangalia wakasahau kuimba.

Kipindi cha pili mvua ikashuka, na rangi ikashuka nayo. Ilitiririka shingoni, mikononi, mpaka ndani ya viatu. Fedha walitucheka wakashika mbavu, lakini hakuna aliyeondoka. Mshambuliaji wetu Griffins alipofunga bao la pili kwenye matope tulikumbatiana tukapakana zaidi. Mbili kwa moja, shemeji!

Kisha nikatazama kiti cha meneja. Kilikuwa kitupu bado, mvua ya upande wa kwake ilikuwa imemzuia tangu mchana. Niliumia sana. Tulikuwa tumeshinda, lakini aliyepaswa kutuona hakutuona. Jioni ile tulijisugua kwa sabuni, ndimu, hata jivu. Rangi ilikataa kutoka.

Jana asubuhi meneja alikuwa amesimama langoni watu wakiingia kazini. Akaona shingo ya kwanza ya kijani, akaona ya pili, akaona masikio ya mzee Andati wa stoo. Mwishowe akauliza, "Kwani nyinyi wote mlikuwa kwa mechi?"

Roseline akamjibu bila kupepesa macho, "Hawa ni wa shifti ya asubuhi tu, bwana. Wa usiku wako kwa manyumba, bado wanajisugua."

Meneja alicheka mpaka akavua miwani. Mchana akamwita Mulama, akamwambia stoo itajengwa nyuma ya kantini, na uwanja ubaki uwanja. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Hawakuwahi kushona na mimi. Jana usiku mume wangu alimaliza ugali wake, akamalizia na wangu.

Nisalimie Nafula na watoto, na Mama Ayuma pale sokoni. Mulama anakusalimu, yuko nje anapaka chokaa ile milingoti ya goli uliyosimika.

Fulana yako iko ndani ya bahasha hii. Usiiloweke kwenye chumvi. Ivae siku ya mvua, Kimilili nzima ijue wewe ni wa timu gani.

Mungu akuponye mguu, akulinde wewe na wote wa boma lako.

Ni mimi shemeji yako akupendaye, tena kwa rangi isiyotoka,

Selpher.