Msimu Ulioniachia Nusu

Mume wangu Idarusi,

Uliondoka msimu ukiwa katikati. Gari letu lilikuwa la tatu kwenye jedwali la mbio za magari, na ulikuwa umeshaniapia kwamba halishuki hapo. Tangu nirudi Riyadh nimekuwa nikitembea kama mtu aliyetoka nyumbani akahisi ameacha kitu, asijue ni kitu gani. Juzi nikiwa kazini, namfunga mgonjwa bandeji, nikakijua. Hakuna aliyekuambia yale mashindano ya Japani yaliishaje. Basi tulia, nikusimulie.

Nilipoolewa nawe sikujua kitu kuhusu magari. Tulikaa Mombasa miezi michache, ukarudi kwenye gereji yako Jeddah, nami nikapata mkataba wa uuguzi Riyadh. Watu wakatuambia tuna bahati, tuko nchi moja. Nchi moja, na katikati jangwa zima. Tukawa wa kuonana kwenye likizo. Simu zetu zikaanza kufanana: umekula nini, joto lipo vipi, umelala saa ngapi. Siku moja ukasema, "Mke wangu, tutafute kitu cha kufanya pamoja. Haya ya kuulizana wali na samaki yatatuchosha." Nilifikiri utataka tusome kitabu. Ukaniletea magari.

Ulinifundisha polepole, kama unavyomweleza mteja anayeogopa kuuliza. Gari moja lina madereva wawili. Wa kwanza anaendesha, anaingia pembeni, anatoka, mwenzake anakaa kwenye kiti kile kile na kuendelea, huku mafundi wanabadilisha matairi. Anayefanya vizuri huongezewa uzito kwenye mbio zinazofuata, ili wengine nao wapate nafasi. Nilikasirika. "Yaani mtu anaadhibiwa kwa kushinda?" Ukacheka sana. "Si adhabu hiyo. Wewe subiri uone atakavyoubeba."

Gari letu lilikuwa la rangi ya machungwa. Ulilichagua kwa sababu lile la buluu, ulisema, linafanana na basi la shule iliyokufukuza. Majina ya madereva wetu yalitushinda kuyatamka, ukawaita Mjomba na Mpwa. Mjomba ndiye mtu mzima, hana haraka, hapotezi tairi. Mpwa ana mbio, na ana hasira za karibu.

Jumapili za mashindano, kwao Japani mchana, kwetu asubuhi. Mimi nimetoka zamu, nimejilaza kwenye hosteli ya wauguzi, wewe hujaenda gereji. Simu moja ya kuangalia, nyingine ya kuzungumza. Kwako picha zilifika kabla ya kwangu, sijui kwa nini. Unapiga kelele, "Allah! Ameingia!" na mimi kwangu gari bado liko nyuma. "Nyamaza, Idarusi, kwangu bado!" Unanyamaza kidogo, halafu nakusikia unapumua kama mtu aliyezibwa mdomo, nami najua tayari kuna jambo.

Kisha siku ile nikapigiwa simu na Yusufu, yule Msudani mnayefanya naye kazi. Alisema, "Dada, njoo Jeddah." Nilimuuliza hospitali gani. Akarudia, "Njoo tu, dada." Baadaye alinieleza kwamba ulikuwa umeinama kwenye injini, ukasema leo joto limezidi, ukakaa chini ukaegemea gurudumu. Alikwenda kukuletea maji. Alirudi na maji.

Waliniruhusu nikuone kabla ya kuoshwa. Nilikushika mkono, na vidole vyangu vikaenda vyenyewe mahali pa mapigo, kama ninavyofanya kila siku kwa watu nisiowajua. Nikangoja. Muuguzi aliyekuwa pale, Mfilipino, aliniangalia akaelewa kazi yangu, akageuka upande. Sikulia. Wanaume wakakuchukua wakaenda kukuzika, sisi wanawake tukabaki nyumbani, na mimi nikaulizwa nataka chai au maji. Nilisema vyovyote.

Eda nilikaa chumbani kwako, mtaa wa Ghulail, juu ya nyumba ya shangazi yako Bi Zuhura. Alinipokea kama mwanawe. Alikuja akanivua mkoba begani, akasema, "Hapa ndipo kwako mpaka eda iishe. Aliyeletwa Jeddah na wazazi wake akiwa hajui hata kufunga mtandio ni mimi, najua kukaa mahali ambapo huna la kufanya." Hospitali walinipa likizo ya eda. Nikavaa nyeupe, nikakaa. Majirani waliingia, wakasoma, wakatoka. Niliwasikia kama watu wanaozungumza chumba cha pili.

Kisha Jumapili moja simu yangu ikalia ikinikumbusha mbio. Wewe ndiye uliyeiweka hivyo, mimi hata sijui inavyozimwa. Nikafungua. Mvua ilikuwa inanyesha Japani, magari yanatimua maji mpaka huoni rangi. Nilingoja mtu anitangulie kupiga kelele. Hakuna aliyenitangulia. Wetu wakamaliza wa sita, na kwangu ilikuwa sawa tu na kama wangemaliza wa kwanza.

Bi Zuhura alipanda ngazi, akasimama mlangoni. "Mwanangu, makelele gani haya nyumba ya msiba? Watu watasema nini?"

Nikamwambia ni magari ya Idarusi.

Alishuka. Nilipunguza sauti, lakini sikuzima.

Mbio zilizofuata alipanda tena, safari hii na birika la kahawa na vikombe viwili. Akakaa kitandani kwako, akavaa miwani yake, akauliza, "Lake ni lipi?"

"La machungwa, shangazi."

"Na anayeendesha nani?"

"Mjomba. Baadaye atamwachia Mpwa."

"Mjomba wa nani?"

Ikabidi nimweleze yote. Madereva wawili, matairi, uzito. Nilipofika kwenye uzito alikunja uso kama nilivyokunja mimi. "Huo ni uonevu." Nikamwambia kwamba kwenye mbio za mwisho wa msimu mizigo yote hutolewa, kila mtu anakimbia na gari lake lilivyo. Akafikiri, akasema, "Hapo sawa. Hapo wametenda haki." Siku hiyo Mpwa alimpita yule wa buluu kwenye kona, mahali ambapo wewe ungeniambia hapapitiki. Walishinda. Bi Zuhura alipiga paja lake. Mimi nilikuwa naangalia kikombe changu, kahawa imepoa.

Nakuambia ukweli, Idarusi, sikuwa na huzuni ile watu wanayoitaja. Ningekuwa nayo ningeshukuru. Nilikuwa kama mkono uliolaliwa, unaujua ni wako, unauona, lakini ukiugusa unagusa wa mtu mwingine. Nilioga, nilisali, nilikunja nguo zako nikampa Yusufu wagawane huko gereji. Fulana moja ilikuwa na harufu ya grisi. Nikaikunja pamoja na nyingine.

Mbio za kabla ya mwisho zilikuwa mbaya. Mpwa alisukumwa, akazunguka, akakwama kwenye kokoto. Alitoka akavua kofia yake, akakaa ukutani peke yake. Bi Zuhura alimuonea huruma kuliko nilivyowahi kumuona akimuonea huruma mtu yeyote. "Hebu mmoja wao amwendee," akawa anaiambia simu. "Hebu amshike bega." Mjomba ndiye aliyekwenda. Alikaa tu pale ukutani naye.

Basi tukafika mwisho. Ili wachukue ubingwa, gari letu lilitakiwa limalize mbele ya lile la buluu. Bi Zuhura aliwaita na majirani wawili. Alisema wamekuja kunisalimu, lakini walikaa kwenye mkeka wakielekea simu. Mjomba alianza, akaendesha vile anavyoendesha, bila papara, akamkabidhi Mpwa gari likiwa la nne. Mpwa akampita mmoja. Kisha akampita yule wa buluu. Mizunguko ya mwisho matairi yake yalikuwa yamekwisha, gari linateleza kila kona, na wa buluu yuko nyuma yake pale pale, hambanduki. Jirani mmoja alikuwa anasoma dua, wallahi. Dua, kwa gari la machungwa.

Walimaliza wa pili.

"Wa pili?" Bi Zuhura akasema. "Basi wameshindwa."

"Hapana, shangazi. Wa buluu amekuwa wa tatu. Pointi zinatosha. Ndio mabingwa."

Aliniangalia kuona kama nina hakika. Halafu akapiga kigelegele. Kirefu, cha harusi kabisa, kikatoka dirishani kikaenda mtaani, nyumba ya msiba, na mimi na nguo zangu nyeupe. Katikati akakumbuka. Akaziba mdomo kwa mikono yote miwili, akanitazama kwa hofu, na wale majirani wakainamisha macho kwenye mkeka.

Sikukasirika. Nilikuwa namtazama Mpwa kwenye simu, anatoka garini, Mjomba anakimbia kumfuata, mtu mzima yule ambaye hatujapata kumuona akikimbia.

Bi Zuhura akashusha mikono taratibu. Macho yake yalikuwa yamejaa.

"Maskini Idarusi mwanangu," akasema. "Na mwenyewe hajui."

"Nitamwambia," nikamjibu.

Na sasa nimekuambia.

Mkeo