Boma la Mwakio

Shikamoo Mama,

Natumai baridi ya Wundanyi haijaliamsha lile goti lako, na kwamba binti yangu Mghoi anakuchotea maji bila kusukumwa.

Huku Busia mimi ni mzima, na kazi inanipendeza. Tunapita nyumba kwa nyumba hadi Malaba, tukiuliza maswali na kujaza majibu kwenye simu. Majibu yanamfikia Dada Nekesa, mtaalamu wetu wa takwimu. Kompyuta yake inatafuta nyumba za wajane, ili kaunti iwalipie bima ya afya.

Juzi Nekesa alituita. Kompyuta ilisema eneo la Chakol, tulikokwisha kupita, karibu halina mjane.

"Hawa waume wote walioandikwa kuwa wenye boma hawana simu, hawana kazi, na hakuna hata mmoja aliyepatikana nyumbani," akasema. "Rudini mkaniangalizie. Tukituma hivi, wajane watakosa bima."

Nikarudi kwa Mama Amoit, bibi mmoja niliyekuwa nimemhoji. Nilimkuta na jirani yake wakimenya njugu.

"Mama, ulisema mwenye boma ni mzee Emodo. Yuko wapi nimsalimie?"

"Yule pale," akaonyesha kaburi kando ya migomba. "Msalimie, lakini asipoitika usikasirike."

"Mbona hukuniambia ameaga?"

"Wewe uliuliza boma ni la nani. Uliuliza kama anapumua? Mimi nilimkuta hapa, dada. Sasa niamke tu asubuhi niseme boma ni langu?"

Jirani alicheka mpaka akamwaga njugu. Nami nikacheka. Lakini njiani nilikumbuka kwamba siku ya mafunzo, tulipojaribiana maswali, hata mimi nilimtaja mwanao, kana kwamba hatukumzika. Sikuwaza mara mbili. Nilimwona tu Mwakio amekaa mlangoni akipuliza chai hadi ipoe, halafu analalamika kwamba imepoa.

Nilipomweleza Nekesa, hakubishana. Swali moja akaligawa mawili: boma ni la nani, na nani analiendesha sasa. Tumerudi kila nyumba. Mzee Emodo amebaki na boma lake, na Mama Amoit amehesabiwa mjane. Wajane wa Chakol sasa wanaonekana, na ripoti imepelekwa kaunti.

Kabla ya kutoka na maswali hayo, tulijaribiana tena. Mwenzangu akaniuliza boma ni la nani. Nikasema, la Mwakio. Nani analiendesha sasa? Nikasema, ni mimi. Nimeona ulisikie hili kutoka kwangu, Mama, usije ukadhani nimemtoa mwanao nyumbani kwake. Usiku huo nililala vizuri.

Nisalimie shemeji yangu anayetukamulia ng'ombe, na shangazi wa kwaya. Mghoi mwambie nimempatia kitenge cha upande wa Uganda, chenye rangi ya machungwa kama alivyotaka.

Mkamwana wako,
Wakesho, mke wa Mwakio